Siku ya Harusi Nilikuwa Hotelini Temeke

Buguruni, Dar es Salaam
Jumatatu, baada ya chai

Dada yangu mpenzi Veronika,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana moja haitatosha kwa haya nitakayokuambia. Habari za hapo Tabora? Kifua cha shemeji kimepata nafuu, au bado anakohoa na kukataa dawa? Na magoti yako wewe vipi? Mimi mwili wangu hauna neno. Ni mzima, nakula, tena nimekula mno, na hapo ndipo habari yangu inapoanzia.

Dada, siko Ngerengere. Tazama juu ya karatasi utaona nimeandika Dar es Salaam. Nilikuandikia kwamba bwana wa shamba la mkonge amekataa kunipa likizo, kwa hiyo sitaweza kuja kwenye harusi ya Monika. Ule ulikuwa uongo. Likizo alinipa, wiki tatu nzima, wala hakununa. Nikaikunja karatasi ya ruhusa, nikaitia mfukoni, nikakaa kwenye meza yangu ya ukarani pale stoo nikakuandikia wewe, dada uliyenilea, kwamba nimenyimwa. Nawe ukanijibu, "Basi mdogo wangu, kazi ni kazi. Nafasi yako ya mjomba tutaiacha wazi, hatakaa mtu." Barua hiyo ninayo hapa, imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza mwenyewe njia nzima, na jibu nililonalo ni dogo mpaka naona haya kuliandika. Miaka minne nimekula posho ya shamba: unga na maharage, maharage na unga, na mara mojamoja kipande cha samaki mkavu. Unapimiwa, unachukua, unaondoka. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, "Gaspari, leo utakula nini?" Na nikija nyumbani, usikasirike dada, huko nako muulizwaji ni mimi. Mjomba, umetuletea nini? Mjomba, fulani anatafuta kazi. Mjomba, simama useme neno mbele ya wakwe. Nilitamani siku chache za kuwa mtu asiyejulikana, nikae kwenye benchi la hoteli, mtu aje afute meza aniulize nataka nini. Ndiyo sababu yote. Ningekuwa na sababu kubwa zaidi ningekupa.

Basi nikasimama kwenye stesheni ileile ambayo ningepandia treni ya kuja kwenu, nikapanda ile inayokwenda pwani.

Nimefikia kwa Antoni, yule mwana wa fundi viatu wa mtaani kwetu. Siku hizi ni utingo wa lori, amepanga chumba huku Buguruni. Hana mke, hana sufuria, hana hata kijiko. Alfajiri anaondoka na lori, nami natoka kwenda kutafuta pa kula. Habari za harusi sikumwambia, naye hakuuliza.

Siku ya kwanza niliingia hoteli ya Mwarabu mmoja kule Ilala, karibu na soko. Mtumishi akaja na kitambaa begani, akafuta meza, akasema, "Haya bwana, utakula nini?" Dada, miaka minne nilikuwa naingoja sentensi hiyo. Nikasema, "Chochote."

Akacheka. "Chochote hatupiki hapa. Kuna mkate wa kumimina, kuna sambusa, kuna maini."

Nikasema nipe vyote. Nikala, nikashiba, na kabla chai haijapoa nikainuka nikatoka, kama niliyeitwa nje. Hakuna aliyeniita. Ndivyo ilivyokuwa siku zote zilizofuata. Asubuhi Ilala, mchana Magomeni, jioni nimekwenda kwa miguu mpaka Kinondoni kwa sababu nimesikia kuna mama anapika mihogo ya nazi na papa. Mihogo ilikuwa mizuri kweli. Nilikula nusu, nikaanza kufikiria hoteli nyingine iliyoko njia ya Pugu ambayo madereva wanaisifia kwa supu. Nikaenda kesho yake. Supu nayo ikanishinda kumaliza. Antoni akaniambia, "Wewe bwana unakula au unakagua?" Miguu ilikuwa haitulii, macho yanatazama mlango. Nikikuta watu kwenye benchi wanazungumza habari za kwao, nahamia benchi jingine. Na kila nilipoamka nilihesabu siku zilizobaki kufika Jumamosi, halafu najiambia sihesabu.

Jumamosi yenyewe ikafika. Saa nne za asubuhi nilijua Monika anavalishwa. Nikatoka nikatembea, sikuangalia ninakokwenda, nikajikuta Temeke, nyumba ya makuti, benchi tatu, moshi, na harufu ya nazi mpaka barabarani. Mwenye hoteli ni mama mnene wa Kizaramo, Bi Mwajuma. Nilipoagiza tu akanikodolea macho.

"Bwana, kwenu wapi? Maana Kiswahili chako kimetoka mbali hicho."

"Tabora."

Akapiga kofi moja kubwa. "Loo! Mtumwa wangu! Jamani njooni mwone, mtumwa wangu huyu kaja na reli!" Kabla sijakaa vizuri kofia yangu imeondoka kichwani pangu iko kichwani pake.

Wewe wajua sisi na Wazaramo tu watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kuja pwani. Nami sikumwachia. Nikamwambia, "Mie nimekuja kutazama minazi yangu kama mmeilinda vizuri, Wazaramo nyie."

"Minazi yako! Wewe uliyefika huku na pembe ya ndovu kichwani mpaka shingo ikaingia tumboni? Lete sahani nimpe huyu, asije akanifia mlangoni nikapata kazi ya kuzika."

Hoteli nzima ikacheka, nami nikacheka. Akaniletea wali wa nazi na changu wa kupaka, na kwa mara ya kwanza tangu nimefika mjini nilikaa nikatulia, nikala nikiwa nimeegemea ukuta. Tukarushiana maneno. Yeye na mwiko, mimi na mdomo uliojaa wali. Ndipo akasema, "Na huko kwenu siku ya harusi mnakula nini? Panya?"

"Panya nini! Leo hii mpwa wangu anaolewa kanisani, na ng'ombe wawili wamelala chini."

Nililisema kwa kujivuna, dada. Lilitoka lenyewe.

Bi Mwajuma akauacha mwiko. "Leo?"

"Leo."

"Mpwa wako, mtoto wa dada yako?"

"Dada yangu, baba mmoja mama mmoja."

"Nawe uko hapa." Akaigeukia hoteli yake. "Jamani! Nani kampoteza mjomba wa bibi harusi? Tabora nzima wanamtafuta, kumbe yuko Temeke anachambua miiba!" Watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Akaichukua sahani yangu. "Chakula chako kiko Tabora, kinapoa. Hiki ni cha watu wasiokuwa na harusi."

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo baba, Mungu amrehemu, angenikana kwa ajili yake. Nilikasirika. Nilisimama, nikapiga meza kwa ngumi, chai ya mtu ikamwagika. Nikapiga kelele, "Nirudishie sahani yangu! Mimi nawe hatujuani! Nimekuja kula, sikuja kuhukumiwa!"

Kicheko kikakatika. Mzee mmoja fundi baiskeli, aliyekuwa benchi la pili, akasema polepole, "Bwana, mtani hakasirikiwi."

Nilijua. Tulipomzika baba, mtani alijilaza ndani ya kaburi akakataa kutoka mpaka apewe kitu, na sisi wafiwa hatukukunja uso. Wewe ulicheka huku unalia, nakumbuka. Nami nikamfokea mtani kwa sababu ya sahani ya samaki, na kwa sababu alilosema lilikuwa kweli.

Bi Mwajuma hakunijibu kwa hasira. Afadhali angenitukana. Aliirudisha sahani mezani, akaongeza mchuzi, akaifuta ile chai iliyomwagika. Akaivua kofia yangu, akaipangusa vumbi, akanipa kwa mikono miwili. Akasema, "Samahani bwana. Karibu chakula. Ukihitaji kitu utaniita." Kisha akaenda kuwahudumia wengine.

Bwana. Basi nikawa mtu asiyejulikana, kama nilivyotaka. Hakuna aliyenitazama. Nikakaa mbele ya ule wali, mkono hauendi. Ilikuwa yapata saa ile wakwe wanasimama kuomba ruhusa ya kuondoka na Monika, na mtu wa kuwajibu ni mimi. Dada, nani aliwajibu? Monika alitazama huku na huku? Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tangu nizaliwe. Nikatoka nikaacha chakula.

Jana baada ya Misa nikanunua kuku sokoni nikarudi Temeke. Bi Mwajuma akaja na kitambaa chake, akafuta meza, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Utakula nini, bwana?" Sentensi ileile. Ilinichoma.

Nikasema, "Sikuja kula. Nimekuja kuomba radhi. Nilimkasirikia mtani." Nikamwekea kuku mezani.

Akamtazama yule kuku upande huu, akamgeuza upande wa pili. Watu wote wanangoja. Ndipo akasema, "Kuku gani huyu? Mbona anafanana na wewe?"

Dada, nilicheka mpaka nikaketi chini. Kofia ikanyakuliwa palepale. Nikaambiwa mtumwa haketi, mtumwa anaosha sahani, na kweli niliziosha, sahani za mchana mzima, nikipewa amri kutoka kila benchi. Yule fundi baiskeli alinirudishia sahani yake mara mbili akisema ina ukoko.

Watu walipopungua Bi Mwajuma akakaa kwenye kigoda, akaacha utani, nami nikamweleza uongo niliokuandikia. Akaniuliza, "Dada yako alisema nini ulipomwandikia kwamba huendi?"

Nikamwambia, "Alisema kazi ni kazi."

Akatikisa kichwa. "Kaka yangu hakuja harusini kwangu. Alileta salamu kwamba mvua, njia mbovu. Nikamwambia haidhuru, kaka. Kila tulipoonana nilimwambia haidhuru. Amekufa mwaka juzi, bado namwambia haidhuru." Akanyanyuka kwenda kuchochea moto. "Ilinidhuru, mtumwa we. Mpaka leo."

Nimerudi Buguruni nikaisoma tena barua yako. Mwanzoni niliposoma "kazi ni kazi" nilishusha pumzi, nikaona dada kaelewa, mambo yamekwisha. Sasa nasoma maneno yaleyale na naogopa. Uliyaandika ukiwa umekaa vipi? Ulimwambiaje Monika? Uliona nimesema uongo ukanificha mbele ya shemeji? Nadhani uliona. Mtu uliyemfundisha kusema huwezi kushindwa kumjua anapodanganya.

Sikuombi uniambie haidhuru, dada. Nakuomba usiniambie hivyo. Ukitaka kunigombeza, nigombeze kama ulivyokuwa ukinigombeza zamani, na jina la ukoo mbele. Hilo nitalistahimili. Lile lingine, la kuwekewa sahani na kuambiwa karibu bwana, nimelionja Temeke, nisingependa kulionja nyumbani kwako.

Barua hii nimeianza asubuhi, nimeinuka mara sijui ngapi kwenda mlangoni na kurudi. Sasa naifunga.

Nisalimie shemeji, mwambie aache ukaidi anywe dawa. Msalimie bibi yetu mwenye kisima, na mwalimu wa kwaya aliyenifundisha kusoma noti nikashindwa. Msalimie baba yake Antoni, fundi viatu, mwambie mwanawe hajambo, amenenepa, ila anunue sufuria. Mkwe wetu mpya mpe mkono wangu, mwambie mjomba anayo maneno ya kumwambia yeye na wazee wake, hata kama yamechelewa. Monika usimwambie kitu, nitamwambia mwenyewe. Bi Mwajuma naye, mtani wako wa Temeke usiyemjua, anakusalimu sana na anasema usinisamehe upesi.

Neno moja limebaki. Kesho kuna treni ya bara, na siku za likizo ninazo bado. Haya yote nisingeweza kuyasema kwa mdomo huku unanitazama, kwa hiyo nimeyaandika, na barua sikuitia posta, nimeileta mwenyewe na treni hiyo. Ndiyo maana nimekupa bahasha hii mkononi bila kusema neno, nikatoka. Nimesimama uani. Soma mpaka mwisho kwanza, dada, halafu uniite.

Mdogo wako,
Gaspari