Pumzi Tatu Jikoni kwa Karimi

Baba Mwenda mpenzi,

Huku Kibugu baridi inauma vidole hata nikishika kikombe cha chai. Dada yangu Karimi anawasalimu, wewe na watoto.

Kila asubuhi kabla hatujaenda kuchuma chai, naketi jikoni kwake dakika ishirini, macho nimefumba, nikifuata pumzi yangu. Mwezi huu nafanyia kazi subira, moja ya zile tabia njema wanazofundishana Wabudha. Karimi, mtu wa kanisa, huniuliza, "Sasa hapo unaomba nani?" Namwambia najifunza tu kutulia.

Jana tukila githeri, akanitolea lile neno tuliloliogopa miaka yote: "Mama alikufa akikuita, na hukuja."

Unanijua. Zamani ningefunga begi nikarudi nyumbani Nkubu siku hiyo hiyo. Kifua kiliwaka kweli. Nikavuta pumzi moja, ya pili, ya tatu, kama ninavyofanya asubuhi, mpaka hasira ikashuka. Ndipo nikasema, "Ni kweli, Karimi. Niliogopa kumwona akiwa vile. Nisamehe."

Aliweka kijiko chini, akanishika mkono, tukamlilia mama pamoja kwa mara ya kwanza.

Najivunia sana, mume wangu. Nawe jivunie, maana ni wewe uliyekuwa ukiniamsha nikaketi siku nilizotaka kulala. Wakumbatie watoto kwa niaba yangu. Nawapenda kuliko kadi hii inavyoweza kubeba.

Wako,
Kanana