Seva Isiyozimwa

Shoga, acha unachofanya. Profesa leo kaumbuka!

Si unamjua, yule fundi kompyuta wetu? Umpelekee shida gani, jibu lake ni lile lile, wala hakutazami usoni: "Zima, washa."

Sasa leo kaunda upya moduli, kijiprogramu cha kuendesha kifaa kipya cha mtandao. Akiipakia, seva, ile kompyuta kuu ya ofisi, inakataa: toleo halilingani. Akaiunda tena. Halilingani! Shati limelowa jasho, ofisi nzima haina mtandao, wateja wamejaa mapokezi, na bosi kasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Moduli nimeiunda kwa kerneli mpya, kiini kipya cha mfumo," Profesa analalamika, "na hiyo kerneli niliiweka mwenyewe juzi! Hii seva ina kichwa kigumu!"

Bosi akauliza taratibu: "Na ulipoiweka, uliizima ukaiwasha, ianze kuitumia?"

Shoga, Profesa akaiachia kibodi!

Maana seva yake haizimwi. Anahesabu siku tangu ilipowashwa, anajisifia nayo kama mwanawe. Dada wa usafi alipitisha fagio tu karibu na swichi, nusura wapigane. Kumbe seva bado iko na kerneli ya zamani, naye anaivalisha nguo ya mwenzake!

Profesa akakiri: "Haijawahi kuzimwa, bosi."

"Profesa," bosi akasema. "Zima, washa."

ZIMA, WASHA! Mwanamume kabonyeza swichi huku kafumba macho. Seva ikawaka, moduli ikaingia bila ubishi, mtandao ukarudi. Tukapiga makofi.

Profesa akatugeukia, macho mekundu, kaikumbatia seva yake:

"Tunaanza kuhesabu siku upya. Asiiguse mtu!"