Neno Moja Kwenye Kitabu cha Bombomu

Jumanne, 2 Machi 1954
Ukurasa wa kumi na mbili umekwisha. Hii bombomu, bunduki ya risasi mfululizo, ina vyombo kuliko jiko la harusi. Kifuniko, mkanda wa risasi, kopo la maji, bomba la mpira. Maji hupoza mtutu. Yakichemka, mvuke hupitia bombani ukaingia koponi, adui asiuone. Kapteni, mkubwa wangu Mzungu, anasema ni mjukuu wa ile ya zamani, imepunguzwa uzito tu. Marehemu baba alikuwa mpagazi vita ya Mjerumani. Alibeba miguu ya chuma ya ile ya zamani kichwani, akapiga kambi hapa hapa Kariakoo, akabaki na shingo imepinda. Mimi nakitafsiri kitabu cha bombomu kwa Kiswahili. Kazi ya siri. Hata mke wangu Zena anajua tu kwamba napiga chapa barua za serikali.

Ijumaa, 5 Machi
Kapteni kanirudishia rasimu, wino mwekundu kila mahali. Nilipoandika "Piga!" amefuta, kaweka "Fungua moto!" Eti piga ni ya ngoma. Kizungu kinasema fungua, basi na Kiswahili kifungue. Nikamwambia, bwana, moto si mlango. Tena ukurasa wa kumi tumeshasema "Fungua!" kwa kifuniko. Sajini akikata maneno, akasema "Fungua!" tu, askari atajuaje? Akacheka. Akasema mimi ni karani, si sheikh wa lugha.
Nikasema ndiyo bwana.

Jumapili, 11 Aprili
Salum kapata ruhusa ya siku moja. Mwanangu wa pekee, kuruta jeshini. Kaja na mwenzake Yohana, Mngoni wa Songea, mpole sana. Shikamoo zake mbili mbili. Wamewekwa kikosi cha bombomu: Salum anapiga, Yohana anashughulikia maji. Wakifuzu, Kenya, kupigana na Mau Mau. Zena kapika pilau. Yohana kala sahani tatu, kisha kaomba ukoko. Tulicheka mpaka wapangaji wakachungulia.
Salum kasema wamegawiwa kitabu kipya, sajini anasoma wao wanaitikia. Sikuweza kumaliza chakula.

Jumatatu, 12 Aprili
Nimekwenda kwa Kapteni asubuhi, kofia bado kichwani. Nimemwomba lile neno libadilishwe. Kitabu kimeshapigwa chapa, kasema. Watazoea. Nilitaka kumwambia mwanangu yumo. Sikusema, maana angeuliza nilimwambia nani siri ya ofisi.
Woga. Nisiutafutie jina jingine.

Jumatano, 14 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Msimbazi umefurika. Nimemwandikia Salum ajihadhari na neno "fungua". Nimeichana. Barua za kambini husomwa. Nimeandika nyingine: sisi wazima, mama anakusalimu.

Alhamisi, 22 Aprili
Yohana amekufa.
Ilikuwa jana, kwenye uwanja wa shabaha. Bomba la mvuke lilichomoka. Sajini akasimamisha kupiga. Yohana akatangulia mbele, akainama kulichomeka. Sajini akaita "Fungua!" Alitaka kifuniko kiinuliwe, mkanda utolewe. Salum akaisikia kama "Fungua moto!" Akabonyeza.
Risasi ngapi, sijui. Sitaki kujua.
Salum wamemweka ndani. Zena amekaa sakafuni, anarudia jina la Yohana, na la mama yake Yohana asiyemjua. Mimi nimempiga yule kijana. Mwanangu alibonyeza tu.

Jumanne, 27 Aprili
Rasimu ya kwanza ninayo. "Piga!" yangu, wino mwekundu juu yake. Ushahidi wote wa Salum uko pale. Nimempelekea Kapteni. Kasoma amesimama. Uso ulimbadilika, nikapata tumaini. Kisha kaitia kwenye droo, kageuza ufunguo, kasema asante.
Sikuwa na nakala. Miaka kumi na minane ya ukarani, kila barua nakala tatu, na hii nimeitoa mkononi kama mtoto anayetoa pipi. Majuto mjukuu, wanasema. Wangu amekuja kabla mtoto hajaoa.

Jumatatu, 10 Mei
Salum kafungwa miaka miwili. Askari hakuielewa amri. Ndivyo ilivyosomwa. Kitabu hakikutajwa. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, ningeweza kusimama.
Zena anafunga, lakini jioni hafuturu. Anakunywa maji basi.

Jumanne, 25 Mei
Wameniletea chapa mpya ya kitabu niisahihishe. "Fungua moto" haimo. Kila mahali ni "Piga!" Hati ya Kapteni pembeni, safi kabisa. Hakuna aliyesema kwa nini. Nimeuliza kama sasa kesi ya Salum itatazamwa upya. Wakaniuliza kesi gani.
Nimesahihisha kurasa thelathini. Nimechoka na mkono wangu mwenyewe.

Jumamosi, 29 Mei
Tumekwenda kumwona Salum. Nilikusudia kumwambia leo kwamba kitabu nilikitafsiri mimi, mbele ya mama yake, liwalo na liwe. Nilikuwa nayo maneno tangu tunatoka Mtaa wa Swahili.
Kakonda. Kanyolewa. Katusalimu vizuri, kauliza habari za wapangaji. Zena kamshika vidole kwenye wavu. Halafu Salum kanigeukia, hana hasira, kama mtu aliyekwisha kulifikiria jambo mpaka mwisho. "Baba, aliyeandika kile kitabu hajui Kiswahili."
Nikamwambia kweli, mwanangu, hajui.
Kisha askari akasema muda umekwisha, tukatoka.