Taa ya Mzee na Ufagio wa Gizani

Basi ile taa nikaizima. Andika hivyohivyo, Neema, usipambe.

Leo Jumanne, ukungu umekaa hapa Tunduma mpaka saa nne, malori huyaoni, unasikia honi tu. Na kichwa changu kiko hivyohivyo.

Yaani mimi taa ya chumbani nilikuwa siizimi. Mzee wangu kumbukumbu zinamtoka. Akiamka usiku anataka kwenda shambani Ileje, tulikohama zamani, anafungua komeo, na barabara ya malori iko palepale. Ndiyo maana taa inawaka, nimwone. Sasa huyu Neema, mjukuu wangu anayesoma uuguzi, kaja likizo ananiambia, "Bibi, hiyo taa inamnyima babu dawa yake mwenyewe."

Dawa gani tena?

Anasema giza likiingia, kichwani kinatoka kitu kinaitwa melatonini, kinaleta usingizi. Tena eti kinasaidia zile chembe ndogo za mwili zijifagie, vilivyochakaa ndani yake vivunjwe vitumike upya. Nikacheka. Kwetu Undali, hukohuko Ileje, nyumba haifagiliwi usiku, unatoa baraka nje! Mama alinichapa kwa hilo. Kumbe mwili wenyewe unafagia usiku?

Nikasema basi nikanunue vidonge vyake ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Akaruka: "Thubutu, Bibi! Mpaka daktari aseme." Eti hata wataalamu hawajamaliza. Kwa ugonjwa huu kinauamsha ufagio, kwa ugonjwa ule kinautuliza, na mengi wameyaona kwa panya tu.

Ufagio gani huo wenye akili mbili? Na ukifagia kichwa cha Mzee, utajuaje takataka ni ipi na mimi ni yupi?

Nikaizima. Nikafunga mkono wake na wangu kwa khanga, akiinuka nijue. Akalala fofofo mpaka jogoo. Mimi ndiyo nimekesha, nashika fundo. Sasa mimi ananifagia nani?

Nikadhani asubuhi atanijua. Akaniita Tabu.

Tabu ni dada yake, tulimzika siku nyingi. Neema anasema usiku mmoja si kitu, na hata siku zikiwa nyingi hawezi kuniahidi kitu. Sasa leo niwashe, nimwone lakini asilale? Au nizime, alale, na lile fundo likifunguka?

Sijui. Kweli kabisa sijui.

Umemsikia? "Tabu! Tabu wee, nifungulie mlango!"

Acha hapo, Neema. Ananiita mimi.

Abee, kaka! Nakuja.