Mfereji Uliofunguliwa Wote

Ndugu yangu Athumani,

Assalaam aleikum. Jumanne, kati ya adhuhuri na alasiri, tulipoteza lita mia na ishirini za dawa ya kutawanya rangi, pamoja na sufuria kubwa pekee tuliyokuwa nayo. Naanza na hilo kwa sababu wewe kwenye simu ulianza na habari za mvua. Mimi huku Maskati ni mzima, joto na zamu ndefu tu. Nyinyi hapo Mishomoroni mu wazima?

"Dada, imeiva kupita kiasi tu," waniambia. Haikuiva, imeganda kama halua. Na bila dawa hiyo rangi yetu yatuama chini ya ndoo, mafundi waturudishia.

Nilikuandikia: maji yafike nyuzi themanini na tano, kisha asidi itone kwa saa tatu, na chumvi ya kuianzisha ishikane itone sambamba nayo. Namba hizo sikuziokota njiani. Kwa nyuzi sabini nilipata uji mzito, minyororo ya chembe zake mirefu mno, rangi ikazidi kushikana. Kwa tisini na tano ikatoka nyepesi, ya manjano, haifai kitu. Nilimwaga mara kumi na moja kabla ya kupata sawa. Asidi ikishikana hutoa joto lake yenyewe. Ukiimimina yote pamoja, joto hilo halina pa kwenda.

Nawe mamamkwe kapiga hodi, ukaona haya akungoje, ukafungua mfereji wa asidi wote ili umalize. Saa tatu ukazifanya dakika ishirini! Mkwe ni wa kuheshimiwa, wallahi sikatai. Lakini ungefunga mfereji, ukamwamkia, ukarudi. Asidi ingengoja.

Kadzo, tuliyemwajiri kuosha mapipa, alikwambia, "Kaka, kipimajoto chapanda." Ukamjibu, "Wewe osha mapipa." Ameniandikia alivyosoma: themanini na sita, tisini na nne, mia na mbili. Hapo akakimbia, na alifanya vyema. Ingewaunguza nyote wawili.

Mwambie Mama namwamkia shikamoo. Msalimie mkeo Saumu, na mamake, ambaye hana kosa.

Sufuria nyingine nimeipata, yapakiwa Ijumaa. Ataipika nani: wewe, utakayekaa saa tatu kando ya kipimajoto hata aje nani, au Kadzo, nawe ukae dukani uuze? Nataka jina moja kabla ya alasiri ya Alhamisi. Usinipigie kunieleza. Andika: mimi, au Kadzo.

Dada yako,
Rukia