Kaye ya Kilio ya Profesa Désiré

Karavia, Lubumbashi, 9 Juni 2024

Mutoto wangu Séphora,

Jambo sana. Habari ya ku Liège? Unalala muzuri, unakula? Huku baridi imeanza, vumbi iko kila pahali, lakini tunapumua na tunashukuru Mungu.

Miezi mitatu sasa bwana yangu, profesa wako, analala mu makaburi. Aksanti kwa liste ya majina uliyotuma. Sikujua kama maandiko mia tatu na kumi na mbili ya wanasayansi wa nyota yanataja kazi yake. Mimi nilimuona tu akikaa ku dirisha na karatasi, anasahau chai mpaka inaota ngozi.

Unajua desturi yetu: muntu akija ku kilio, jina yake inaandikwa mu kaye, ile daftari ya kilio, kusudi siku yake ya huzuni na sisi tuende. Basi nimefungua ukurasa mupya na kuandika majina yote ya liste. Ba Japon, ba Chili, ba Inde. Kwangu, hao wote bamekuja kulia na sisi.

Nimekuachia mustari wa chini kwa jina yako. Andiko yako inatoka lini?

Mama yako,
Clotilde

Liège, 2 Julai 2024

Mama Clotilde,

Salamu nyingi kwako na kwa dada Abigaël. Miguu yako bado inavimba? Mimi niko muzima.

Aksanti kwa mustari. Andiko yangu inachelewa kidogo. Kuna hesabu ninarudilia.

Mutoto wako,
Séphora

Karavia, 3 Novemba 2024

Mutoto wangu,

Uko muzima kweli? Miezi mine bila neno. Miguu yangu imepona, mvua imeanza.

Juzi Stéphane, aliyekuwa musaidizi wa Papa Désiré, alipita kunisalimia. Nikamuuliza habari yako. Akacheka: “Mama, yule alimaliza hesabu tangu Pasaka! Andiko iko mu tiroir ya meza yake. Anakuogopa.”

“Mimi? Hata kuku za jirani hazinikimbii!”

“Muulize yeye.”

Njo ninakuuliza. Nilikukosea nini?

Mama yako,
Clotilde

Liège, 10 Novemba 2024

Mama,

Nafurahi miguu imepona. Hukunikosea kitu. Stéphane amesema ukweli.

Andiko ya Papa inayotajwa kupita zote ni ile ya nyota nyekundu, zinazovimba na kusinyaa kama kifua ya muntu anayepumua. Alipima umbali ya hizo nyota. Mimi nimepima tena. Kati yetu na zile nyota kuna vumbi mingi kupita ile Papa aliyohesabu. Vumbi inapunguza mwangaza, na yeye akafikiri nyota ziko mbali sana. Ziko karibu.

Nikitoa andiko yangu, bantu bataacha kutumia hesabu yake. Liste yako itakoma kukua. Na njo yeye aliyenifundisha kupima, njo yeye aliyeniandikia barua ya kuingia huku. Nitamufanyia vile akiwa mu kaburi? Useme neno moja tu, nitaifunga kabisa.

Mutoto wako,
Séphora

Karavia, 17 Novemba 2024

Mutoto wangu Séphora,

Jambo. Huku tuko wazima.

Kwanza nilicheka, mpaka Abigaël akauliza kama niko na homa. Muntu anakaa Lubumbashi miaka arobaini, halafu anasahau kuhesabu vumbi! Kila kiangazi nilikuwa napangusa meza yake mara mbili kwa siku, na yeye: “Clotilde, unanichanganyia karatasi.”

Kisha siku mbili sikufungua ile kaye. Sitakudanganya, iliniuma. Nilikuwa nategemea kama bantu batamutaja hata nikishakufa.

Lakini kuna siku nimekumbuka. Ulikuwa mwaka wa pili, ukanyoosha mukono na kusema hesabu ya ubao iko na kosa. Alirudi nyumbani anaimba. “Leo binti mumoja amenikosoa, na yuko na haki!” Alikula sahani ya bukari na kurudilia. Nikamuuliza: “Na husikii haya?” Akasema: “Nyota haijui kama mimi ni profesa.”

Dominique, jirani tuliyegombana naye miaka kumi juu ya ukuta, alikuja ku kilio, na tukamuandika kama wote. Kugombana hakukumuzuia: alilia kupita ndugu.

Toa andiko yako. Sema pale alipokosa, bila kuficha. Ukificha, utakuwa umemulilia vibaya.

Aksanti kwa kuniuliza mbele ya kuitoa.

Mama yako,
Clotilde

Liège, 6 Mei 2025

Mama Clotilde,

Unaamuka muzuri? Dada Abigaël naye?

Andiko imetoka leo. Kosa ya Papa iko ku ukurasa wa pili, wazi. Ku ukurasa uleule nimeeleza kama njia ya kupima ni yake, na mimi nimeongeza vumbi tu. Bado hakuna muntu amenitaja. Tunangojea.

Ku mwisho kuna pahali ya kushukuru bantu. Niliandika jina ya Papa, kisha yako. Mukubwa wangu wa kazi akaniuliza: “Huyu Clotilde anafanya kazi ku observatoire gani ya kupima nyota?”

Nikamujibu: “Hana observatoire. Njo yeye aliyeniruhusu.”

Mutoto wako,
Séphora