Tangu Mnara Usimame Kilema

Mdogo wangu Anselmi,

Unakumbuka ulivyokuwa ukija kila Desemba? Hapa Kilema simu zilikuwa hazishiki, kwa hiyo tulijua umefika pale tu ulipobisha hodi. Mama alikuwa ameshakuwekea mkungu wa ndizi, na mtori ulikuwa jikoni. Mlikaa hadi jioni akikuuliza habari za mwaka mzima.

Kisha wakaja mafundi kujenga mnara wa simu kule kilimani, juu ya shamba letu. Mama alifurahi kuliko kijiji kizima. Aliwapelekea ndizi za kuchoma, akawauliza kama kweli sauti ya mtu aliyeko Mwanza itafika hapa. Walipomhakikishia, alirudi akaniambia, "Sasa Anselmi atakuwa karibu."

Siku mtandao ulipowashwa, wewe ulimpigia Mama, mkaongea mpaka chaji ikaisha. Desemba ile hukuja. Ulisema kazi zimebana, na kwani si mnaongea kila siku? Mama akakubali. Krismasi iliyofuata ulipiga asubuhi, tukijiandaa kwenda misa. Baadaye ukawa unapiga Jumapili tu, tena si kila Jumapili, dakika mbili tatu. Sikukulaumu. Hata mimi niliona kama upo.

Mwaka jana Mama alianza kusahau. Nilikuambia, ukasema utakuja mambo yakitulia. Yalimtoka kwanza majina ya wanangu, kisha njia ya kanisani. Picha yako ya kipaimara alishinda nayo mkononi, hadi siku moja akanipa na kuniuliza huyu ni nani.

Jumapili iliyopita, ulipopiga, nilimwekea simu sikioni. Nilikusikia ukimwambia, "Shikamoo Mama, ni mimi, Anselmi." Aliitikia marahaba, akakusikiliza kwa adabu, kisha akanirudishia simu. Nilikuambia mtandao unasumbua, nikakata. Nilikudanganya, mdogo wangu. Ulikuwa unasikika vizuri kabisa. Ila Mama alikuwa ameninong'oneza, "Ni kijana wa watu, anamtafuta mama yake. Mwambie amekosea namba."

Sikuandikii ili uje. Mwanzoni ningekusihi, sasa sijui nikusihi kwa lipi. Ukija, Mama atakukaribisha vizuri, atakupa kiti, atakuuliza umetokea wapi na wewe ni mtoto wa nani. Utamjibu, naye atasema hawafahamu watu hao.

Kaa salama huko uliko. Mimi nipo naye.

Dada yako